Ugomvi wa href: Nani Aamue Kiungo ni Kipi?

Leo tuzungumze juu ya herufi nne tu: h, r, e na f. Ukifungua msimbo wa ukurasa wowote wa wavuti utazikuta humo. Ndizo zinazotangulia anwani ya kila kiungo unachobofya. Zinaonekana ndogo na zisizo na neno. Lakini kati ya mwaka 1997 na 2010 wataalamu wa wavuti walizozana juu ya herufi hizi, wakaandika rasimu na kuzipinga, na hawakukubaliana kamwe. Alama za mzozo huo zimo hadi leo ndani ya kivinjari unachotumia.

Swali lililowagombanisha ni rahisi kuuliza: ikiwa waraka mmoja umechanganya lugha kadhaa za alama, programu inayousoma itajuaje kiungo ni kipi?

Kwa nini swali hili litushughulishe sisi huku? Kwa sababu viungo ndivyo vinavyofanya wavuti iwe wavuti. Injini ya utafutaji isipokitambua kiungo, haikifuati. Programu ya kuhifadhi kumbukumbu isipokitambua, ukurasa wa upande wa pili hauhifadhiwi. Na kama tutakavyoona mwishoni, sheria za nchi zinapowekwa mtandaoni, kiungo kilichopotea ni kifungu cha sheria ambacho mwananchi hakukiona.

Kabla ya href

Wazo la kuunganisha maandishi ni la zamani kuliko intaneti. Mwezi Julai 1945 Vannevar Bush, mhandisi wa Kimarekani, aliandika katika jarida la The Atlantic juu ya mashine ya kuwaziwa aliyoiita memex. Msomaji wa mashine hiyo angeweza kufunga pamoja kurasa mbili na kuacha njia ambayo mtu mwingine angeifuata baadaye. Mwaka 1965 Ted Nelson akabuni neno lenyewe, haipateksti. Nelson alitaka viungo vya pande mbili: ukiunganisha waraka wako na wangu, mimi nami nijue.

Wataalamu wa nyaraka walifuata njia yao. Mwaka 1986 ilitoka SGML, kiwango cha ISO namba 8879, ambacho kwa hakika si lugha moja bali ni kanuni za kutungia lugha za alama. Mwaka 1992 kikaja HyTime, kiwango cha ISO namba 10744, kilichoeleza aina za viungo kwa upana wa kutisha. Kilikuwa na nguvu nyingi, na wachache sana walikielewa.

Wakati huohuo, katika maabara ya CERN kule Uswisi, Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lake mwezi Machi 1989, na kufikia mwisho wa 1990 wavuti ilikuwa inafanya kazi. Yeye alichagua kiungo cha upande mmoja. Unaweka tagi ya a, unaipa href, unaandika anwani, basi. Huhitaji ruhusa ya mwenye ukurasa wa pili. Huhitaji hata ukurasa huo uwepo. Ukiwa haupo, msomaji ataona namba 404 na maisha yataendelea.

Nelson na wafuasi wake waliona hiyo ni kazi ya kulipua. Lakini unyonge huo ndio ulioipa wavuti nguvu ya kuenea. Mtu yeyote aliweza kujifunza href kwa dakika tano.

Waraka mmoja, lugha tatu

Tarehe 10 Februari 1998 muungano wa W3C ulitoa XML 1.0. Ilikuwa SGML iliyopunguzwa uzito ili iweze kutembea mtandaoni. Sasa kila kundi la watu lingeweza kutunga msamiati wake wa alama: wanahisabati wao, wachoraji wao, wahasibu wao.

Na kweli walitunga. MathML ya kuandika hisabati ilitoka Aprili 1998. SVG ya michoro ilitoka Septemba 2001. HTML yenyewe ikavalishwa nguo za XML na kuitwa XHTML 1.0 mwezi Januari 2000.

Ili misamiati hii ikae pamoja bila kugongana, Januari 1999 W3C ilitoa kanuni za nafasi za majina. Wazo lake tunalijua shuleni. Darasa likiwa na Wanjiku wawili, mwalimu husema Wanjiku wa Kiambu na Wanjiku wa Nyeri. Vivyo hivyo XML huweka kiambishi mbele ya jina ili kuonyesha limetoka msamiati gani.

Tuseme mwalimu wa fizikia anaandaa somo la mtandaoni juu ya mkondo wa umeme. Maelezo ameyaandika kwa XHTML. Mchoro wa saketi ni SVG. Mlinganyo wa Ohm ni MathML. Vyote vimo ndani ya faili moja. Sasa anataka mwanafunzi akibofya neno "volti" apelekwe kwenye ufafanuzi. Akibofya betri kwenye mchoro, apelekwe huko huko. Akibofya herufi V ndani ya mlinganyo, vilevile.

Kwa macho ya mwanafunzi hivi ni viungo vitatu vinavyofanana. Kwa kompyuta ni vitu vitatu tofauti. Katika HTML, kivinjari kinajua kuwa href ni kiungo kwa sababu kimefundishwa hivyo na waliokiunda. Je, katika misamiati mipya, ambayo kesho itakuwa mia na keshokutwa elfu, nani atakifundisha?

Jibu la kwanza: XLink

Jibu la W3C liliitwa XLink. Kazi ilianza mwaka 1997, hata kabla XML yenyewe haijakamilika, na pendekezo rasmi likatoka tarehe 27 Juni 2001. Wahariri wake walikuwa Steve DeRose, Eve Maler na David Orchard.

Wazo lake lilikuwa zuri. Badala ya kila msamiati kubuni namna yake ya kiungo, kuwe na sifa chache za pamoja zinazoweza kupachikwa kwenye tagi yoyote. Ukiona xlink:href, ujue hii ni anwani, iwe umewahi kuuona msamiati huo au la. Sifa ya xlink:show inaeleza kitu kifunguke wapi: kichukue nafasi ya ukurasa, kifungue dirisha jipya, au kipachikwe papo hapo kama picha. Sifa ya xlink:actuate inaeleza lini: ukurasa unapofunguka, au msomaji anapobofya.

Juu ya kiungo hicho chepesi, XLink iliweka kiungo kipana. Hicho kingeweza kuunganisha vitu zaidi ya viwili, kwenda pande zote mbili, na kukaa katika faili tofauti kabisa na nyaraka kinazoziunganisha. Hapo ndoto ya Nelson ilikuwa inarudi kwa mlango wa nyuma. Ungeweza kuunganisha kurasa mbili ambazo huna ruhusa ya kuzihariri hata moja.

SVG na MathML 2.0 zote mbili zilikubali kutumia xlink:href. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye hakuwa amesema neno.

Septemba 2002

Kundi la kazi la HTML ndani ya W3C lilikuwa likijenga XHTML 2.0. Rasimu ya kwanza ilitoka tarehe 5 Agosti 2002. Wengi walitarajia itumie XLink, kwa kuwa ni kazi ya W3C hiyo hiyo. Kundi likakataa.

Hoja zake hazikuwa za ukaidi mtupu. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, XML hairuhusu tagi moja kuwa na sifa mbili zenye jina moja. Kwa hiyo tagi moja haiwezi kubeba xlink:href mbili. Lakini HTML ina tagi zenye anwani zaidi ya moja. Tagi ya picha katika HTML 4.01 ina src inayoonyesha faili ya picha, longdesc inayoonyesha maelezo yake marefu, na usemap inayoonyesha ramani ya sehemu za kubofya. Anwani tatu, kazi tatu. XLink nyepesi ina kiti kimoja tu. Ukitaka kuvikalisha vyote itabidi uvunje tagi hiyo vipande, au utumie kiungo kipana kwa ajili ya picha moja tu.

Pili, mzigo kwa mwandishi. Badala ya href anaandika xlink:href, na kabla ya hapo atangaze kiambishi hicho kinatoka nafasi gani ya majina, kwa anwani ndefu ambayo hakuna anayeikariri. Akisahau tangazo, faili ya XML inahesabika kuwa na kosa, na kivinjari kinaweza kuikataa yote.

Tatu, XLink 1.0 ilidai kila kiungo kitaje aina yake kwa xlink:type. SVG ilijaribu kuficha mzigo huo kwa kuweka sifa hiyo ndani ya faili ya kanuni zake, lakini vivinjari kwa kawaida havikuwa vikisoma faili za kanuni zilizo nje ya waraka. Ikawa ni siri inayojulikana na wachache.

Kundi la HTML likaleta jibu lake tarehe 13 Septemba 2002. Liliitwa HLink, na wahariri walikuwa Steven Pemberton na Masayasu Ishikawa. HLink iligeuza mambo juu chini. XLink inasema: badilisha lugha yako ifuate majina yangu. HLink ilisema: baki na majina yako, ila andika pembeni orodha inayoeleza katika msamiati huu, tagi fulani, sifa fulani ni anwani, na ikibofywa itokee hivi. Kivinjari kingesoma orodha hiyo na kuielewa lugha mpya bila kuandikiwa programu upya.

Mwezi huohuo, kundi la usanifu la W3C lijulikanalo kama TAG, ambalo Berners-Lee mwenyewe alikuwa mmoja wa wajumbe wake, lilitoa msimamo: kwa lugha zinazolenga kuonyeshwa kwa msomaji, viungo vya haipateksti vitumie XLink. Kundi la HTML halikukubali. Kukawa na nyumba moja yenye milango miwili, na kila mlango una ufunguo wake.

Ukiniuliza mimi, kila upande uliona nusu ya ukweli. XLink ilielewa kuwa kiungo kinapaswa kujitambulisha chenyewe, ili waraka ukisafiri peke yake usipoteze maana. HLink ilielewa kuwa watu hawatabadilisha mazoea yao ili kumfurahisha mbunifu wa kanuni. Lakini HLink nayo ilikuwa na udhaifu wake: orodha ikikaa kwenye faili nyingine na faili hiyo ikapotea, waraka unakuwa bubu. Mzozo uliishia hewani. HLink haikuwahi kuwa pendekezo rasmi. XHTML 2.0 ikaendelea na njia yake, ikiruhusu href kwenye tagi yoyote, iwe aya au kichwa cha habari.

Wenye vivinjari wachoka kusubiri

Mwezi Juni 2004 W3C iliitisha warsha kule San Jose, California, kuhusu programu za wavuti na nyaraka changamano, yaani hizi hizi nyaraka zilizochanganya misamiati. Mozilla na Opera walifika na hoja kwamba HTML iliyopo iendelezwe, badala ya kuanza upya. Hoja ilipopigiwa kura ilikataliwa. Siku chache baadaye watu kutoka Apple, Mozilla na Opera wakatangaza kundi lao, WHATWG, na kuanza kuandika kile kilichokuja kuwa HTML5.

Tarehe 2 Julai 2009 W3C ikatangaza kuwa muda wa kundi la XHTML 2 hautaongezwa mwaka huo ukiisha. Miaka saba ya rasimu ikafungiwa kabatini. Kila msanidi aliyejifunza XHTML 2 akiamini ndiyo kesho ya wavuti alibaki na maarifa yasiyo na soko. Mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni sisi tunaojenga juu ya viwango vya wengine.

HTML5, iliyokuwa pendekezo rasmi tarehe 28 Oktoba 2014, ilitatua suala la kuchanganya misamiati kwa njia ambayo wasomi wa XML hawakuipenda. Mlango haukufunguliwa kwa misamiati yote ya dunia. Walikaribishwa wageni wawili tu, SVG na MathML, kwa majina yao. Kichanganuzi cha HTML kikikutana na tagi ya svg kinajua kimeingia nafasi nyingine ya majina, hata kama mwandishi hakutangaza kiambishi chochote. Na ndani ya kanuni zake kuna orodha fupi ya sifa za XLink zinazotambuliwa kwa namna ya pekee, xlink:href ikiwemo. Kiambishi kingine chochote utakachobuni ni herufi tu, hakina maana kwake.

Umeona kilichotokea? Wazo la HLink, la kuwa na orodha inayosema sifa ipi ni kiungo, lilishinda kwa siri. Tofauti ni kwamba orodha hiyo haiandikwi na mwenye msamiati. Imeandikwa ndani ya kanuni za HTML na ndani ya msimbo wa vivinjari. Injini za utafutaji na programu za kuhifadhi kurasa nazo hubeba orodha zao. Ukiwa na msamiati ambao haumo kwenye orodha, viungo vyako havionekani.

XLink ilirekebishwa Mei 2010 kwa toleo 1.1, na sasa xlink:href pekee inatosha kuwa kiungo chepesi bila kutaja aina. Marekebisho yalifika treni ikiwa imeondoka. MathML 3, Oktoba mwaka huohuo, ilikuja na href ya kawaida. Rasimu ya SVG 2 iliyotangazwa mwaka 2016 nayo ikasema: tumieni href tu, xlink:href imepitwa na wakati ingawa bado itaeleweka. Zikiwepo zote mbili kwenye tagi moja, href ndiyo inayofuatwa.

Kwa hiyo somo la mwalimu wetu wa fizikia limerahisika kwenye mchoro: anaandika href kama alivyoandika kwenye maelezo. Lakini akifungua faili ya SVG ya mwaka 2005 atakuta xlink:href kila mahali, hata kwenye rangi za mteremko, ambako rangi moja hurithi sifa za nyingine kwa kutumia sifa hiyo hiyo ingawa hapo hakuna cha kubofya. Sasa anajua chanzo chake.

XLink haikufa kote

Itakuwa si haki kusema XLink ilishindwa kabisa. Nenda nje ya kivinjari uone. XBRL, lugha ya taarifa za fedha za makampuni, imejengwa juu ya viungo vipana vya XLink: faili moja ina majina ya hesabu, nyingine inaeleza zinavyojumlishwa, nyingine inabeba lebo zake kwa lugha mbalimbali. Faili za ODF zinazoandikwa na LibreOffice zinatumia xlink:href. DocBook 5 inairuhusu karibu kila mahali, na GML ya ramani vilevile.

Mahali hapa pote pana jambo moja linalofanana. Wenye msamiati na wenye programu ni jamii moja, inayokaa meza moja. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kivinjari.

Yanatuhusu wapi?

Miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa uliendesha mpango wa kusaidia mabunge ya Afrika kutumia teknolojia ya habari, ukiwa na ofisi hapa Nairobi. Kutoka mpango huo ilitoka programu huria iliyopewa jina la Kiswahili, Bungeni. Ilitoka pia lugha ya alama za nyaraka za bunge, sheria na hukumu, iliyosanifiwa na Monica Palmirani na Fabio Vitali wa Chuo Kikuu cha Bologna. Jina lake ni Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Jina lenyewe ni kiungo! Mwaka 2018 shirika la OASIS liliipitisha kuwa kiwango cha kimataifa.

Sheria ni haipateksti iliyokuwepo kabla ya kompyuta. Kifungu hiki kinafuta kile, hukumu hii inataja sheria ile, marekebisho yanataja aya na mstari. Wasanifu wa Akoma Ntoso hawakusubiri ugomvi wa href uishe. Waliweka href ya kawaida kwenye marejeo, kisha nguvu zao zote wakazipeleka kwenye jambo ambalo XLink na HLink hazikuligusa sana: anwani yenyewe ijengweje ili idumu.

Katika mfumo wao, anwani haitaji seva wala faili. Inataja nchi, aina ya waraka, mwaka na namba au jina. Katiba ya Kenya ni /akn/ke/act/2010/constitution. Ukitaka toleo la lugha fulani na tarehe fulani unaongeza mbele. Fungua tovuti ya Kenya Law utaziona anwani za namna hii. Hata tovuti ikihama seva, jina la sheria halibadiliki, na hukumu iliyoitaja bado inaifikia.

Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo, hasa wewe unayetunga muundo wa data wa ofisi, chama au shule yako. Kwanza, andika viungo vyako kwa namna ambayo wasomaji wake tayari wanaijua. Jina zuri lisilotambuliwa na programu yoyote ni bure. Pili, kiungo kijieleze ndani ya waraka wenyewe, kisitegemee faili ya pembeni pekee. Tatu, kabla hujabishana juu ya jina la sifa, jiulize anwani iliyomo itakuwa hai baada ya miaka ishirini.

Waliogombana mwaka 2002 walikuwa na akili nyingi kunishinda, na walichokigombania kilikuwa cha kweli. Lakini miaka yote hiyo walibishana kuhusu mpini, na jembe likabaki chini. Wenye sheria waliokota jembe wakaanza kulima.

Haya, nakuachia hapo. Kama unatunza faili za zamani zenye xlink:href, usikimbilie kuzifuta zote kwa amri moja. Angalia kwanza nani anazisoma.